Kabla ya Kumtahiri Kitukuu Wetu

Wegesa mjukuu wangu,

Huku Butiama tu wazima, na bibi yako ameshaanika mtama. Umeuliza kama kitukuu wetu atahiriwe kliniki kwa kile kibanio cha kutahiria watoto wachanga.

Muuguzi mmoja wa Musoma amenieleza kwamba mtoto mchanga hupona haraka, kwa kawaida hashonwi, na ukubwani hatari ya kuambukizwa VVU hupungua. Lakini anaweza kuvuja damu, kidonda kikatunga usaha, au ncha ya uume ikajeruhiwa. Kwa hiyo afanye aliyefunzwa.

Sisi tulitahiriwa tukiwa vijana, kwa kisu. Mdogo wangu Magoti alivuja damu mchana kutwa akiwa kimya. Nilipoona shuka limelowa, alininong'oneza, "Nyamaza wewe! Anayelalamikaga ni mwanamke." Nilimwita baba. Magoti alitibiwa akapona, ila alininunia mpaka mavuno.

Mtahirini, mradi daktari aone ni mzima. Hatakosekana mgeni wa kumwambia, "Kaza, mwanamume halii." Mgeni huyo mpe chai. Damu isipokoma, mrudishe mtoto kliniki saa hiyo hiyo. Akilia au akinyamaza, wewe mfungue nepi uangalie.

Babu yako,
Mwitongo