Nimethibitisha Chuo Kigumu

Jumatano, Nyamuswa

Eti nitadisko, nifukuzwe chuo kwa kufeli! Kaka Marwa amenifuata leo mpaka steshenari, nikiwa nathibitisha chuo mtandaoni. Vyuo viwili vimenichagua kusomea uhandisi wa umeme, na yeye anataka niende kile chepesi.

"Kile kingine wanadiskoga hata vichwa," akasema. "Mimi si walinirudisha nyumbani mwaka wa pili?"

"Walikurudisha wewe, kaka. Mimi bado hawanijui."

Niliona nimemuumiza, lakini nikamwambia dada wa steshenari abonyeze kile kigumu.

Ninaogopa, sikatai. Nikifeli, Nyamuswa nzima itajua. Basi ijue.

Jioni kaka ameniletea madaftari yake ya mwaka wa kwanza. "Anza na hesabu," amesema, bila kuniangalia.

Nimeanza.