Firigisi za Baba Vumilia

Ushirombo

Baba Vumilia,

Leo sikuamkii. Mahindi tumevuna, paa la jiko bado linavuja.

Kila kuku anayechinjwa hapa, firigisi na maini navitia chumvi, navikausha kwa moshi juu ya mafiga, nakutumia huko machimboni, maana ni haki ya baba. Wanao wanatafuna shingo na miguu. Hata nesi aliposema Vumilia amepungukiwa damu, ale maini, nilimpa mchicha. Maini nikakufungia wewe.

Jana ikaingia simu kutoka namba yako. Nikapokea kwa furaha, kumbe mwanamke: “Dada, hizi firigisi mbona zina chumvi hivi? Huwa unazipikaje?”

Dada! Mimi?

Mwambie aziloweke usiku kucha, amwage maji, azichemshe mpaka zilainike, ndipo akaange na vitunguu na nyanya. Azipike vizuri, maana ndizo za mwisho.

Leo nimechinja jogoo wako. Nimempa Vumilia firigisi na maini yote. Mtoto akaogopa hata kushika sahani, akaniuliza, “Mama, hii si ya baba?”

Nikamwambia, “Kula, mwanangu. Hapa hakuna baba.”

Mama yake Vumilia