Balozi Tuliyemnyima Sukari

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumanne ile ya tarehe 10 Novemba 1981 tulipokupeleka kijijini Mtawanya na kukuzika jirani na Bibi. Mabibo yameiva tena shambani, na safari hii hakuna wa kutugombeza tukichelewa kuokota korosho. Tunakukumbuka. Na kuna jambo tunataka kukuambia, kwa sababu ulipokuwa hai hatukuthubutu.

Wewe, Omari Issa Nandonde, ulikuwa balozi wetu wa nyumba kumi hapa Magomeni kwa miaka tisa. Sukari ikifika duka la ushirika uliipima kwa kikombe kilekile cha bati, nyumba kwa nyumba, yetu ikiwa ya mwisho. Mama akinung'unika, unacheka: "Mwanahawa, balozi akijipimia kwanza, wa kumi atapata nini?" Fungu lako ulilimaliza kwa siku mbili, chai tamu kupita kiasi, kisha unakunywa isiyo na sukari wiki tatu bila kulalamika. Tulikutania sana kwa hilo.

Uvimbe ulipojitokeza chini ya mbavu za kulia, hospitali walisema ni kansa ya ini, na kwamba kisu hakifai. Mdogo wangu Abdallah, aliyekuwa anafunga vidonda hukohuko hospitali, alimuuliza daktari. Akaambiwa kwamba uvimbe wa namna ile hula sukari kwa pupa kuliko nyama nzima ya mwili, na wataalamu wanatafuta namna ya kuukatia chakula hicho. Abdallah alikuja nyumbani mbio, habari ameibeba nusu.

Jumapili nyumba zote kumi zikakaa barazani kwetu. Nani atamlisha adui? Kikao kikapitisha kwa kauli moja: hakuna wa kukupa sukari, wala bibo, wala ndizi mbivu. Uliyeendesha kikao ni wewe mwenyewe, Baba. Na mkono ulinyoosha.

Sijawahi kuona azimio likitekelezwa hivyo Magomeni, hata lile la kuchimba vyoo. Ukakonda. Asubuhi ulitetemeka, jasho likikutoka, ukaniita kwa jina la shangazi. Sisi tukaambiana uvimbe unakufa njaa, tukaze.

Siku moja Mama Rozalia, jirani yetu ambaye mumewe anafanya kazi bandarini, alikuletea uji wenye sukari. Mimi Zuhura, mwanao wa kwanza, niliuchukua nikaumwaga uani, nawe unaona.

"Jamani Zuhura, mtu anatetemeka hivi, hata uji?"

Ukamjibu wewe, kwa sauti isiyo na nguvu: "Mwache mwanangu, Mama Rozalia. Tulikaa, tukakubaliana."

Siku nne kabla hujafa, daktari alikuja kukuona nyumbani. Tulipomweleza kwa fahari tulivyokutunza, alishika kichwa, akatutoa nje.

"Nilisema inatafutwa dawa ya kuuzuia uvimbe usiitumie sukari," alisema. "Bado haijapatikana. Sikusema mumnyime mtu. Mkimnyima yeye, uvimbe unajichukulia kwenye damu yake, na yeye ndiye anayebaki bila kitu. Kule kutetemeka ni sukari imemwishia mwilini."

Abdallah alikaa chini mchangani. Nikauliza kama ungepona. Daktari alisema ugonjwa ungekuchukua tu. Hakusema lini.

Mama akakunywesha chai yenye sukari, kijiko kwa kijiko. Baada ya muda ukatulia, ukafumbua macho, ukatutambua sote. Ukauliza, "Kwani kikao kimebadilisha?" Nikajibu, "Ndiyo, Baba. Uvimbe umelegea, sasa unaruhusiwa." Ukafurahi kwa namna ambayo hatukuwa tumekuona ukifurahi mwaka mzima. Ukataka nyumba zote ziitwe, ukawashukuru mmoja mmoja kwa kukusimamia. Kisha ukamtaka Mama Rozalia aniombe radhi, maana nilikuwa nakuponya naye akataka kuharibu. Naye akaniomba, mbele ya watu, na mimi nikaipokea.

Uvimbe haukulegea, Baba. Nilikudanganya. Tulikutesa majuma saba bure, ukafa ukituombea dua kwa kazi nzuri. Hilo ndilo tulilotaka ulijue, na majirani nao walisikie kwetu wenyewe. Tusamehe. Mwenyezi Mungu akurehemu, atusamehe na sisi.

Wanaokukumbuka ni mkeo Mwanahawa, wanao, mimi Zuhura, na Abdallah, ambaye ameacha kazi ya hospitali na hataki kuulizwa, wajukuu zako, nyumba tisa ulizozipimia kwanza, na Mama Rozalia, ambaye nilimwomba radhi juzi tu.

Maisha yetu yote tutakukumbuka.