Daftari la Namba Thelathini na Moja

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na cherehani haijakumaliza mgongo. Mimi sijambo, ila roho juu. Tarehe 28 nasimama mbele ya jopo la madaktari kuwaonyesha kwamba upasuaji wa kupunguza tumbo hauondoi unene tu, unaondoa na kisukari. Wakikubali, hospitali itawapasua watu mia tatu mwaka huu.

Mgonjwa wangu bora ni namba 31. Majina yamefungiwa kabatini kwa muuguzi. Najua nawe umo kati ya wale wagonjwa sitini wa utafiti wangu, ila namba yako siijui na sitaki kuijua. Huyu 31 anajipima sukari kila asubuhi, na daftari lake halina doa: tano nukta mbili, tano nukta nne. Sasa maabara wanasema damu yake imejaa sukari. Wamechanganya chupa, hao. Nakifuta kipimo chao.

Mdogo wako

9 Machi

Profesa wangu,

Marahaba. Huku tunamshukuru Mungu. Tundu la sindano tu ndilo silioni siku hizi, nadhani miwani imezeeka kuliko mimi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Hivi, kama maabara hawakukosea? Mpime tena huyo mtu, utapungukiwa nini? Tangu mdogo una haraka hivyohivyo, unavaa shati sijamaliza kushona vifungo.

Dada yako

14 Machi

Dada,

Shikamoo. Hujambo? Usinitie wasiwasi bure. Mtu ajaze uongo kila asubuhi, apate nini? Nimeshafuta, na hotuba nimeshaiandika. Hiyo miwani kabadilishe. Jana ulinipigia ukakata, kulikoni?

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali, maana najua ninavyokwenda kuiharibu. Namba 31 ni mimi.

Mwaka wa kwanza zilikuwa namba za kweli. Siku waliponiachisha sindano za insulini nililia kwa furaha. Kisha, tangu mwezi wa saba, sukari ikaanza kurudi. Asubuhi moja kipimo kilisoma kumi na moja, nikaandika tano. Nimekulea tangu mama alipotutoka, kila mtihani wako niliufanya nawe moyoni mwangu; nikaona nikifeli mimi, umefeli wewe. Akili yangu iliishia hapo.

Nisamehe. Tangu wanitoe ile damu sijarudi kliniki, maana nina kidonda mguuni, na wakikiona wataulizia sukari. Hakiumi hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha.

Dada yako

30 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua ilifika siku moja kabla ya jopo. Nimekupigia simu mara kumi na mbili, hupokei.

Jopo nimelieleza yote, kwamba daftari lilikuwa la uongo, na kwamba mimi nilifuta kipimo cha kweli kwa sababu hakikunipendeza. Tumeanza kuwapima wote upya. Kati ya ishirini wa kwanza, sukari imewarudia wanne. Upasuaji umewasaidia wengi, lakini hao wanne tuliwaachisha dawa tukawaambia wamepona, na hakuna aliyewaangalia tena. Nimesimamishwa kazi mpaka wamalize uchunguzi.

Nimekukasirikia, sikufichi. Nimejikasirikia zaidi. Kidonda cha kisukari kisichouma ndicho kibaya, dada. Usikae kunijibu. Ukimaliza kusoma hapa, nenda hospitali.

Mdogo wako

8 Aprili

Mdogo wangu,

Ananiandikia muuguzi, miwani imebaki nyumbani. Simu sikupokea kwa aibu. Nilipopata barua yako nilikuja hapa siku ileile, na viatu vya kazini.

Jana wamekata vidole viwili vya mguu. Mguu wenyewe wanasema wataamua keshokutwa. Leo asubuhi sukari ilikuwa kumi na nne, na nimemwambia muuguzi aandike hivyohivyo.

Hapa kila anayepita kitandani kwangu namwambia sijambo. Wewe sitakudanganya tena. Naogopa sana, na sina mtu wa kukaa naye. Njoo uniuguze.

Dada yako