Miaka ya Kasongo

Siku ya kazi mbili ya juma, mangaribi

Na miye ndjo banataka nikaseme mbele ya juji.

Mama Kasongo alikuya leo, akasimama ku mulango. Sikumupatia kiti. Mutoto wake Kasongo alipiga Ilunga wangu na chuma kule banachimba shaba, Ilunga akakufa. Na sasa anakuya kuniomba miye.

"Mama Ilunga, juji anataka kumuhukumu pamoja na bakubwa. Anasema mwili wake ni ya mutu mukubwa. Weye unajua miaka yake."

Najua. Tulizaa juma moja, kitanda karibu na kitanda, kwenye materinite ya Dilala. Maziwa yake ilichelewa, nikanyonyesha bote wawili.

Nikamujibu: "Mwenye kuua ni mutu mukubwa." Hakubishana. Akaenda zake polepole, na ile ndjo inanikasirisha mpaka sasa. Angelalamika, ningemufukuza vizuri.

Yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja, anasema nisiende, juu tribinali ya batoto itamurudisha nyumbani kisha miaka kidogo tu. Na miye naogopa. Naogopa siku moja nitamukuta ku soko, ananunua mukate, amekomaa, ananiamkia...

Lakini ku matanga nililia: "Bameniulia mutoto." Watu bote balilia na miye. Hakuna hata moja aliyesema Ilunga alikuwa mukubwa.

Kesho nitaenda. Nitasema miaka kumi na sita, basi. Juji ataniuliza najua namna gani.

Nitamujibu: juu wangu alikuwa na kumi na sita.