Ukuta wa Shemeji

Shemeji yangu mheshimiwa,

Salamu zangu za heshima zikufikie wewe, mkeo na wajukuu. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba umeacha kupanda majukwaa ya ujenzi kama kijana anayechumbia. Mimi sijambo, ila sukari hupanda na kushuka ipendavyo, na miguu imekataa kutulia. Uniwie radhi kwa kimya changu. Barua hii nimeianza mara kadhaa. Kila mara nikainuka kuhakikisha mlango umefungwa, nikarudi nikaichana.

Tangu tumzike dada yako sikai mahali pamoja. Nahamisha viti. Nachemsha maji ya chai, kisha nasahau niliyachemshia nini. Binti yetu alinitania kwenye simu kwamba nitaisugua sakafu kwa nyayo hadi nitokee kwa jirani.

Basi, tumepata diwani mpya, mama mmoja aliyekuwa mkunga. Huyu haitishi vikao ukumbini. Mwenye shida humfuata kwa miguu, naye hutembea kama mtu aliyeacha chungu motoni. Soda na keki za vikao amezifuta; tunapewa maji na vipande vya papai, na wazee wenzangu wananung'unika kwamba siku hizi serikali inatulisha kama ndege. Mara ya kwanza nilikwenda nimevaa tai na viatu vya kanisani. Nilirudi nimevishika viatu mkononi.

Katika matembezi hayo tulifika nyuma ya nyumba yangu, penye ukuta ulionijengea kuwa zawadi ya arusi yetu. Upande wa pili ni soko la mboga. Tuliwasikia wachuuzi wakiitana. Muuza mchicha mmoja aliyekuwa nasi akasema kwa sauti, makusudi nimsikie, kwamba watu wa mlimani, upande wetu huu wa ukuta, wanaishia kunusa mboga zake tu, maana kuzifikia ni kuzunguka kwa barabara kuu ya malori, isiyo na pa kukanyaga. Ndiyo maana, akasema, watoto wao wanalelewa na viazi vya kukaanga vya pale kona. Kisha akamwuliza diwani ukuta wa mzee huyu una cheo gani hata usiweze kusogea. Wote walicheka, mimi nilikohoa.

Diwani hakunilazimisha. Alikuja baadaye na mhandisi wa manispaa, akanieleza kwamba baraza laweza kuhubiri mboga na mazoezi hadi koo likauke, lakini mtu hula kilicho karibu, na hutembea palipo na njia. Akaomba ukanda mwembamba wa kiwanja changu ili watu wapite. Binti yangu alipinga vikali. Alisema ninawaalika wezi, na kwamba mjomba wake hatanisamehe. Nilimwahidi kwamba nitakuuliza kwanza.

Sikukuuliza, shemeji. Ukuta ulibomolewa juma lililopita.

Na laiti ingekuwa hilo tu. Mhandisi alikuwa ameichora njia pembeni kabisa, kwenye mpaka, mbali na nyumba. Ingegusa kile kipande cha mwisho ulichokijenga huku mvua ikikunyeshea nawe ukikilaani. Mimi nikamwambia kwamba ardhi ya pale inadidimia. Haididimii, unajua, maana ulivunja sururu mbili katika mwamba wake. Nikamwelekeza katikati, penye matofali yako bora kuliko yote, njia ipite chini ya dirisha la jiko, juu ya tuta la vitunguu la dada yako. Kwenye mkutano wa baraza walinipigia makofi, na diwani akaniita mfano wa kuigwa kwa afya ya mji mzima. Niliinamisha kichwa. Walidhani ni unyenyekevu.

Ukweli ni kwamba sikuwafikiria watoto wa mlimani wala viazi vyao. Nilitaka watu wapite karibu. Nimechoka kula nikisikia kijiko changu peke yake. Sasa kila asubuhi wanapita na vikapu, wanabishana, wanacheka. Jana muuza mchicha aliingiza kichwa dirishani bila hodi, akanisuta kwamba sukari niliyotia katika chai ingeozesha meno ya kiboko. Niliimwaga, nikachemsha nyingine, nikainywa chungu vilevile, nimesimama, nikiwatazama.

Walimu wetu wa misheni walitufunza kuomba ruhusa kabla ya tendo, si radhi baada yake, nami nimewaaibisha. Sijui utalipokeaje hili, na kutojua huko kunaninyima usingizi. Ncha za ukuta zimebaki na meno pande zote mbili. Mafundi wa manispaa walitaka kuzipiga lipu, nikawakataza wasiguse kazi ya mkono wako. Njoo uzimalize mwenyewe. Au njoo unigombeze pale pale njiani, wapita njia wakisikiliza. Chagua upendalo, mradi uje.

Uwape watoto mkono wangu, na mkeo heshima zangu zote.

Ni mimi, shemeji yako mkosefu,
Mume wa marehemu dada yako