Nimeitaja Mimba ya Nne

Mwenzangu, nimeharibu. Tena mbele ya daktari.

Tulikwenda kuamua kama tuanze tena zile sindano za kutafuta mtoto. Daktari akauliza, "Mimba ngapi zimetoka?" Mume wangu akawahi kujibu, "Tatu." Na mimi, sijui neno lilinitokaje, nikasema, "Nne."

NNE! Nimesema nne!

Ile ya wiki sita, yeye akiwa safarini, ukaja wewe kunifulia mashuka. Wewe tu ndiye uliyejua.

Mume wangu akanigeukia taratibu. "Nne?" Daktari akajifanya anasoma faili. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kwenye gari hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza tu, "Kwa nini ulinificha?" Nikamwambia ukweli: baada ya ile ya tatu nilimsikia akilia bafuni, kafungulia bomba nisisikie. Nikajiona namuua yeye, mtoto wa watu, kidogo kidogo.

Tukafika nyumbani. Mlangoni akasema, "Hizo sindano unazitaka wewe, au ni kwa ajili yangu?"

Nikasema sizitaki. Nimechoka. Miaka mitano sijawahi kulitamka hilo.

Amepiga simu kliniki, amewaambia tunapumzika, wasitupangie tarehe. Nikasikia nafuu papo hapo, na hiyo nafuu ndiyo inayonisuta.

Halafu akaja kukaa karibu yangu. "Nieleze siku ile ilivyokuwa. Yote. Usinipunguzie."

Nimemaliza kumweleza sasa hivi. Yuko jikoni ananawa uso, na mimi nakuandikia wewe.